Kihori cha Vipande Viwili

Nilikuwa nimejiwekea masharti mawili asubuhi ile kabla hata sijavaa viatu: nisimtazame Everett Corkum machoni, na nisimwulize habari za mashua yake. La kwanza lilivunjika saa tatu na dakika mbili, gari la Baba liliposimama karibu na gati lake.

Alikuwa amepiga magoti kwenye mbao za gati, ametupa mgongo, anafunga kamba. Aliposikia breki aligeuka, na macho yetu yakakutana ghafla, kama watu wawili wanaogongana mlangoni. Miaka mitatu sikuwa nimeyaona macho yale kwa karibu. Yalikuwa yaleyale, ya kijivu, isipokuwa pembeni iliongezeka mikunjo miwili ambayo mimi sikuwepo ilipoingia. Sijui kwa nini mikunjo ile iliniuma. Labda kwa sababu ilikuwa imempendeza.

“Rhoda,” akasema.

“Everett,” nikasema.

“Vizuri, majina bado mnayakumbuka,” akasema Baba, akibamiza mlango wa gari. “Tumekuja kununua kihori. Tufanye haraka, maji yanakupwa.”

Baba yangu, Basil Zinck, alikuwa fundi umeme miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote alizungumzia jambo moja: akistaafu ataichukua Marigold, boti yetu ya matanga, aiteremshe kutoka hapa Kanada, pwani yote ya Amerika, mpaka Bahamas, akakae huko majira ya baridi. Sasa alikuwa amestaafu. Tungeondoka baada ya wiki mbili, yeye, Mama na mimi. Nilikuwa nimeomba likizo ya mwaka bila mshahara hospitalini Halifax, ninakofanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa, kwa kuwa magoti ya Baba hayawezi tena kupanda mlingoti. Na kwa sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna uwezekano wa kumwona Everett Corkum akinunua mkate.

Mama alikubali safari kwa sharti moja tu: kihori kipya. Boti kubwa hutia nanga mbali, na kila kitu lazima kipite kwenye kile kichombo kidogo cha kwendea nchi kavu, watu, maji, viazi na nguo chafu. Cha kwetu kilikuwa cha mpira, cha kujaza upepo. Mwezi wa saba kilikwaruzwa na makome yaliyoganda kwenye nguzo za gati, kikaanza kutoa pumzi polepole Mama akiwa ndani, amevaa gauni la harusi ya binamu yangu. Alifika kanisani amelowa mpaka kiunoni. Alikaa benchi ya mbele, akaimba nyimbo zote, na aliposimama aliacha dimbwi.

“Sikalii tena kitu chenye pumzi,” alimwambia Baba siku ile. “Nataka kitu kigumu. Kitu ukikigonga kinaitika.”

Tatizo ni kwamba katika Ghuba ya Mahone nzima, mtu anayejua kutengeneza vihori vigumu kuliko wote ni Everett. Baba alizunguka wiki tatu kumtafuta mwingine. Alikwenda mpaka Shelburne. Alirudi na samaki wa siki, bila kihori.

Chuki ya Baba kwa Everett ilikuwa na jina. Aliiita Safina. Ilikuwa mashua ya futi thelathini na nane ambayo Everett aliianza bandani kwake akiwa na miaka ishirini na minane. Sasa alikuwa na arobaini na miwili. Tulipokuwa pamoja, mimi naye, aliniambia, “Tutaoana mashua ikiisha.” Nikasubiri mwaka wa kwanza. Nikasubiri wa pili. Mwaka wa nne nikapata nafasi ya kazi Halifax, nikaenda kumwambia nikiwa na moyo mkononi, naye akasema bila kuacha kupiga randa, “Nenda. Nafasi kama hiyo haiji kila siku.” Alisema kama anayenituma dukani.

“Hata Nuhu alikuwa na tarehe ya kumaliza,” Baba alisema aliponisaidia kupakia mizigo. Tangu hapo hakusalimiana na Everett ila kwa kidevu.

*

Vihori vilikuwa vitatu. Everett alivipanga majini kimoja baada ya kingine kando ya gati, akasimama pembeni mikono mifukoni, kama baba wa mabinti watatu.

Cha kwanza kilikuwa kifupi, pua yake bapa kama imekatwa kwa msumeno. Baba alikipenda papo hapo kwa sababu aliweza kukiinua peke yake.

“Unaona, Idella? Kilo thelathini na mbili. Chepesi.”

Mama aliweka mguu mmoja ndani. Kihori kikainama upande huo kama kiziwi anayetega sikio. Mama akautoa mguu wake.

“Hili ni sanduku la viazi,” akasema.

“Lakini ni chepesi.”

“Hata mimi nilikuwa mwepesi uliponioa, Basil. Tuzungumzie mambo ya leo.”

Cha pili kilikuwa cha faibaglasi, kirefu, cheupe, omo yake, yaani ncha ya mbele, imechongoka vizuri. Baba alikikalia akapiga makasia mpaka boya la tatu na kurudi, na aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa ujana wake kwa dakika kumi.

“Hiki,” akasema, “kinakwenda chenyewe. Nilikuwa nakisindikiza tu.”

“Ni kizuri,” Everett akasema. “Lakini kina futi kumi na moja, na kilo sabini. Nafasi mbele ya mlingoti wa Marigold ni futi saba na nusu. Utakiweka wapi?”

“Nitakivuta nyuma kwa kamba.”

“Mpaka Bahamas, mzee? Siku mtakayopata wimbi la nyuma, hicho hakitakaa majini. Kitapanda kije kula chakula pamoja nanyi.”

Nilicheka. Sikukusudia. Kicheko kilitoka kabla sijakikamata, na Everett akanitazama haraka kisha akatazama kamba zake, masikio yamemwiva.

Baba hakucheka. “Na wewe umejuaje nafasi iliyopo kwenye boti yangu?”

“Niliwahi kupima.”

“Lini?”

Everett akakuna shingo. Mimi nilijua lini. Ilikuwa Jumapili ya Agosti, miaka saba iliyopita, wakati tunaanza anza. Yeye alishika upande mmoja wa futi kamba, mimi mwingine, na badala ya kusoma vipimo tulikuwa tukiivuta ile futi taratibu, kila mmoja kwa upande wake, mpaka urefu wa sitaha ukaisha na tukawa tumesimama pua kwa pua. Siku ile hatukuandika namba hata moja. Sikujua kwamba yeye alizihifadhi kichwani.

“Zamani,” akasema. “Njooni muone cha tatu.”

Cha tatu mwanzoni kilionekana nusu kihori. Kilikuwa cha mbao nyembamba za rangi ya asali, zilizopakwa vanishi mpaka ukaona uso wako. Ndani ya nusu ile, kama bakuli ndani ya bakuli, kulikuwa na nusu nyingine. Everett aliinyanyua ile ya ndani, akaishusha majini, akazisogeza zikakutana: kila nusu ilikuwa na ukuta wake pale kilipokatwa, na kuta hizo mbili zilifungwa kwa bolti nne. Kikawa kihori kamili cha futi kumi.

“Ukimaliza unakifungua, unakirudisha kimoja ndani ya kingine, kinakaa futi tano na nusu mbele ya mlingoti,” akasema. “Kinabeba watu wanne. Hata mkigonga mwamba, mwamba utasikia.”

Mama alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kikaitika. Akanitazama, nikaona jicho lake limeshalainika.

“Nipe hizo bolti nifunge mwenyewe,” akasema Baba.

“Mzee, nati zake lazima uzikaze kwa spana, si kwa...”

“Kijana, nilikuwa nakaza nati kabla wewe hujaota meno. Idella, nishikie hizi.” Akamwagia Mama nati kiganjani, akazipachika bolti zote nne, akazungusha nati moja kwa vidole. Halafu akaanza kutuhadithia jinsi alivyokutana na dhoruba mwaka 1987 karibu na Kisiwa cha Sable, hadithi ambayo ina milango mingi ya kuingilia na hakuna wa kutokea. Ilipoisha, yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau kazi ilipofikia.

“Haya, tuingieni. Wote wanne. Corkum, wewe utakuwa mizigo yetu ya sokoni. Kaa mbele na Rhoda, kihori kisawazike.”

Tulivaa majaketi ya kujiokolea, tukaingia. Mama alikaa tezi, kule nyuma, akapanga sketi yake, akajaribu kujitikisa kushoto na kulia. Kihori hakikujali.

“Sasa hapa nimekaa,” akasema kwa utulivu mkubwa. “Hapa naweza hata kufuma.”

Baba alikaa katikati, ametupa mgongo sisi wa mbele, akashika makasia. Mimi na Everett tulibanana omoni, bega kwa bega, kila mmoja akitazama upande wake wa bahari kwa bidii.

*

Tulifika katikati ya ghuba ndogo ile, gati likiwa nyuma umbali wa mtu kuitwa asisikie vizuri, boti ya wavuvi wa samaki wa makareli ilipopita kasi ikielekea nje. Wimbi lake likaja, si kubwa, la kawaida tu. Kihori kikapanda. Kikashuka. Kikasema *tak*, sauti ya adabu kabisa.

Nikaona mstari wa maji kati ya miguu yangu na mgongo wa Baba. Mstari ukawa utepe. Utepe ukawa mfereji. Baba alikuwa bado anapiga makasia, akimweleza Mama kwamba kihori hiki kinavutia kidogo upande wa kulia.

“Basil,” akasema Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akitazama mbele. “Rhoda anakwenda.”

“Anakwenda wapi?”

“Kule.”

Baba akageuka. Kati yake na sisi palikuwa na mita tatu za bahari.

“Corkum,” akapaza sauti. “Chombo chako kimekatika.”

“Hakijakatika, mzee. Kimefunguka.”

Hiyo ndiyo sifa ya kihori kile: kwa kuwa kila nusu ina ukuta wake, hakuna iliyozama. Ila nusu yetu, bila mwenzake, ilitaka kutuinamisha. Everett akanishika kiwiko.

“Usisimame.”

“Sikuwa na mpango wa kusimama.”

“Teleza ukae chini, nyuma, karibu na ukuta. Magoti yako hapa. Hapo hapo.”

Tukakaa chini sakafuni, tumeelekeana, magoti yangu katikati ya magoti yake kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine duniani pa kuyaweka. Makasia yote mawili alikuwa nayo Baba. Lakini nusu kihori yenye mbele bapa haiendi mbele. Baba alivuta makasia, nusu yao ikazunguka. Akavuta kwa hasira, ikazunguka haraka zaidi.

“Hukukagua nati,” nikamwambia Everett.

“Sikukagua.”

“Wewe. Unayekagua kamba ya kiatu mara mbili.”

“Nilikuwa naangalia kitu kingine.”

“Kitu gani?”

Akatazama vidole vyake. “Ulikuwa unafunga nywele.”

Kutoka ng’ambo ya pili sauti ya Mama ilitufikia wazi juu ya maji. “Basil, hizi ni zako?”

“Nini?”

“Nati. Ulinipa nikushikie.”

Makasia yakasimama.

“Idella. Zipo ngapi hapo?”

“Tatu.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Uliniambia nishike. Nimeshika.”

Nikauma mdomo nisicheke, na Everett akauma wake, na macho yetu yakakutana tena, safari hii hapakuwa na mahali pa kuyapeleka. Nikasikia moyo wangu ukifanya ule upumbavu wake wa zamani. Ndipo nikavunja sharti la pili.

“Mashua inaendeleaje?”

“Umeikalia,” akasema.

Nikatazama chini. Mbao za rangi ya asali. Nikazipapasa. Mbao zile nilikuwa nazijua. Nilizipiga msasa mwenyewe majira mawili ya baridi, katika banda lile, nikiwa nimevaa sweta lake.

“Niliibomoa mwaka jana,” akasema. “Sitaha yote. Mbao nzuri nikazitoa, nikaanza kuunda vihori. Banda liko tupu. Ukipiga chafya linakujibu.”

“Miaka kumi na minne, Everett.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa umebakiza nini? Nilipoondoka ulikuwa umebakiza nini?”

“Kazi ya wiki sita.”

Nilimtazama nikidhani nimesikia vibaya.

“Ilikuwa imebaki kazi ya wiki sita tangu mwaka ule wa kwanza,” akasema taratibu. “Kila nikikaribia kumaliza nilikuwa naona kasoro. Nang’oa ubao, napachika mwingine. Nilikuwa nimekuambia tutaoana ikiisha. Ikiisha, ingebidi nije kwa baba yako nisimame pale sebuleni. Halafu ingebidi uishi na mimi, unione kila siku nilivyo, na mimi sina tena kazi ya kujifichia. Niliogopa, Rhoda. Hakuna neno lingine.”

“Kwa hiyo miaka minne nilikuwa nasubiri uoga wako upakwe rangi.”

“Ndiyo.”

“Na uliponiambia niende?”

“Nilitumaini utakataa.”

Nilivuta pumzi ndefu. “Hilo ni jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kuambiwa nikiwa ndani ya nusu chombo.”

“Najua.”

“Nililia mpaka Halifax. Kule kituo cha mafuta mwanamke mmoja nisiyemjua alinipa leso.”

“Mimi nilikuja,” akasema. “Baada ya miezi miwili. Nilifika nje ya hospitali yako nikakaa kwenye gari. Ukatoka na wenzako, unacheka. Nikasema, anacheka, nimwache.”

“Nilikuwa nacheka kwa sababu nilikuwa kazini, Everett. Watu hucheka. Ungebonyeza honi.”

Chozi moja lilikuwa limemtoka na hakulifuta. Lilishuka kwenye mkunjo mmojawapo wa ile mipya. Na mimi, niliyekuwa nimepanga hotuba ya hasira kwa miaka mitatu, nikajikuta nanyoosha kidole na kulifuta kwa niaba yake.

“Rhoda, mashua sina tena. Sina cha kukuambia ‘kikiisha’. Nikuulize swali sasa hivi, kabla maji hayajatufikisha kwenye tope?”

“Uliza.”

“Utakubali nikuoe?”

Nilimtazama kwa muda ambao kwake, aliniambia baadaye, ulikuwa mrefu kuliko ile miaka kumi na minne. Nilikuwa natafuta ndani yangu kama bado kuna mlango uliofungwa. Sikuupata.

“Ndiyo,” nikasema. “Lakini kuna Bahamas. Siwezi kuwaacha hawa wawili wakaenda peke yao.”

Wote wawili tukageuka kuwatazama. Walikuwa bado wanazunguka.

“Hapana,” Everett akakiri. “Haiwezekani.”

Kisha akageukia upande wao, akakohoa, na kwa sauti ambayo sikujua kama anayo akaita, “Mzee Zinck, naomba kumwoa Rhoda.”

Kwa jinsi walivyokaa, Baba na Mama walikuwa wameelekeana, kwa hiyo nusu ile ilipozunguka tulikuwa tunamwona mmoja baada ya mwingine. Wakati ule zamu ilikuwa ya Baba.

“Unasema nini?” akapaza sauti. “Unaomba hilo sasa? Hapa? Mtu aliyeshindwa kumaliza...”

Akazunguka, mgongo wake ukatuelekea, maneno yakaenda Lunenburg, mji wa jirani. Zamu ikawa ya Mama, uso wake umetulia kama sahani.

“Ndiyo,” akasema Mama.

“Idella, sijamjibu bado,” ilisema sauti ya Baba.

“Basi jibu ukifika.”

Baba akafika. “Miaka minne ulimkalisha binti yangu...”

Akapita. Mama akafika. “Ameshasema yeye mwenyewe ndiyo, nimemwona mdomo. Unapenda keki ya matunda ya buluberi, mwanangu?”

“Sana, mama,” Everett akajibu.

“Vizuri.”

*

Mwishowe Everett aliingia majini. Yalikuwa yamekupwa kiasi kwamba yalimfika kifuani, na baridi yake ikamtoa neno ambalo Mama alijifanya hakulisikia. Akaisukuma nusu yetu kwa mabega, hatua kwa hatua kwenye tope, mpaka kuta mbili zikagusana. Mama akampa nati tatu, moja moja, kama anayelisha ndege. Ya nne ilikuwa chini ya bahari, na Everett akatoa nyingine mfukoni. Huyo ndiye Everett. Lakini mtu mmoja hawezi kukaza na kushikilia kwa wakati mmoja. Baba aliona hivyo. Akainama, akazikumbatia nusu mbili kwa mikono yake mikubwa ya fundi, na vichwa vyao vikawa karibu karibu, kimoja chenye mvi, kimoja kinachotiririka maji.

“Shika hapo, mzee. Kidogo kushoto.”

“Nimeshika.”

“Tayari.”

“Kaza tena,” akasema Baba kwa sauti ya chini. “Kaza sana.”

Tuliporudi, Creighton Hirtle alikuwa amesimama gatini na kikombe cha kahawa. Creighton na Baba wameshindana tangu darasa la tatu. Hakuna kosa la Baba ambalo Creighton hajalisimulia kwenye chakula cha jioni cha kanisa. Niliona mabega ya Baba yakishuka. Angezungumziwa hadi Krismasi, yeye na bolti zake.

“Nimewaona,” akasema Creighton kwa furaha isiyojificha. “Chombo kimegawanyika katikati ya bahari. Nani aliyekifunga?”

Baba akafungua mdomo. Ninamjua baba yangu: angesema kweli, hata kama ingemuua.

“Mimi ndiye niliyekifungua,” Everett akasema kabla yake, akijikamua maji kwenye mikono ya shati. “Mzee Zinck hanunui chombo bila kukijaribu. Alitaka aone kwa macho yake kama kila nusu inaelea ikiwa na watu. Sijawahi kupata mnunuzi makini kama huyu.”

Creighton akatazama kihori, akamtazama Baba, akanywa kahawa yake. “Na zinaelea?”

“Zinaelea,” akasema Baba.

Creighton alipoondoka Baba alibaki amesimama, anachezea kofia yake. Everett alikuwa anatetemeka, midomo imegeuka rangi. Baba akavua koti lake, lile la sufu ambalo hata mimi siruhusiwi kuliazima, akamtupia.

“Tunachukua hiki,” akasema. “Cha vipande viwili.”

“Sawa, mzee.”

“Una kazi gani majira haya ya baridi?”

“Nilikuwa nifagie banda.”

“Unajua kupika?”

“Supu ya samaki. Na mayai.”

“Mayai tunakula.” Baba akatazama upande wa Marigold, iliyokuwa imelala kwenye boya lake nje kule. “Vitanda viko vinne. Wewe utalala omoni. Rhoda atalala tezi. Mimi nitalala katikati, na nina usingizi mwepesi.”

“Basil,” akasema Mama, “Mchungaji yuko nyumbani Jumamosi zote mbili zijazo. Mimi na wewe tutalala omoni.”

Baba alifikiri jambo hilo kwa uso mzito, na hakupata pa kulishika.

Everett akashuka nami kihorini, makasia mikononi. Ilibidi twende Marigold tukapime upya ile nafasi mbele ya mlingoti, alisema, ingawa namba alikuwa nazo kichwani na mimi nilijua anazo. Alikuwa amezama ndani ya koti la Baba mpaka vidole havionekani. Nilikaa tezi, tumeelekeana, na safari hii hatukutafuta bahari ya kutazama.

“Ngojeni, nakuja,” akasema Baba, mguu wake tayari ukingoni mwa gati. “Nataka nione mnavyopima.”

Mama akamshika mkono wa sweta. “Kihori kimejaa.”

“Kimejaa nini? Kina watu wawili.”

“Ndiyo, Basil. Kimejaa.”

Baba akatutazama. Akanitazama mimi hasa, kwa muda, jinsi alivyonitazama siku ile aliponisaidia kupakia mizigo ya Halifax. Kisha akapiga goti moja kwenye mbao za gati, goti lake bovu, akaweka kiganja kwenye ubavu wa kihori, na akatusukuma yeye mwenyewe.